Nimeona mshahara wa mwenzangu, na sasa kazi imenitoka moyoni

SWALI: Nafanya kazi upande wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, na nimemaliza miaka sita. Niliajiriwa kwa mshahara wa shilingi 800,000, na sasa napata 1,070,000. Wiki chache zilizopita nilikwenda kuchukua karatasi zangu kwenye printa nikakuta orodha ya mishahara ya idara yetu. Kijana aliyekuja miaka miwili iliyopita, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kazi, mshahara wake wa msingi ni 1,400,000. Tangu siku hiyo kazi imenitoka moyoni, na hata salamu yake naiitikia kwa shida. Mume wangu ananiambia nishukuru nilicho nacho, kwa sababu kabla ya kuiona ile karatasi sikuwa na tatizo lolote. Je, nimekuwa mtu wa kijicho? Na je, niende kwa bosi?

JIBU: Dada, nianze na hilo la kijicho, maana ndilo linaloonekana kukunyima usingizi kuliko fedha zenyewe. Nimeisoma barua yako mara kadhaa na sikuona mahali popote unapotamani kijana huyo apunguziwe mshahara au apatwe na baya. Ninachokiona ni mtu aliyepata habari mpya kuhusu nafsi yake. Ulidhani unajua jinsi mwajiri wako anavyoipima kazi yako, kisha karatasi moja ikakuambia kwamba kipimo hicho hukijui. Ndiyo maana hoja ya mume wako, ingawa ameitoa kwa nia njema, haikutulizi. Ni kweli kwamba shilingi 1,070,000 za mwezi uliopita na za mwezi huu zinanunua mchele uleule, lakini mshahara una kazi mbili: unalipa mahitaji ya nyumbani, na unamwambia mtu amewekwa katika daraja gani na wale anaofanya nao kazi. Kazi ya kwanza haijabadilika. Ya pili ndiyo iliyovurugika.

Mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu asipokuwa na kipimo cha wazi cha kujipima, hujipima kwa watu, na hachagui watu wa mbali bali wale wanaofanana naye. Hii ndiyo sababu unaweza kusoma gazetini kuhusu mshahara wa mkurugenzi wa benki ukageuza ukurasa bila kusononeka, halafu tofauti ya shilingi 330,000 na mtu wa meza ya jirani ikakukosesha raha. Miaka michache baadaye, mwanasaikolojia mwingine, John Stacey Adams, aliongeza jambo linalokuhusu moja kwa moja: kwamba mtu halinganishi fedha peke yake, bali hulinganisha anachotoa na anachopata, kisha hutazama kama uwiano huo ni sawa na wa mwenzake. Wewe umetoa miaka sita na umetoa mafunzo yaliyomwezesha huyo kijana kuifanya kazi. Uwiano wako, kwa macho yako, umepinda vibaya, na kuumia kwako hakuna ajabu yoyote.

Jambo hili limefanyiwa utafiti mzuri. Mwaka 2008 gazeti la Sacramento Bee la California liliweka kwenye intaneti mishahara ya watumishi wa umma wa jimbo hilo, wakiwemo wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California. Wachumi wanne, David Card, Alexandre Mas, Enrico Moretti na Emmanuel Saez, waliwachagua kwa bahati nasibu baadhi ya wafanyakazi wa chuo hicho wakawaandikia kuwajulisha kwamba taarifa hizo zipo, kisha baadaye wakawauliza wao na wale ambao hawakujulishwa wanaionaje kazi yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliojikuta chini ya mshahara wa katikati katika idara na kada zao hawakuridhika na malipo na kazi yao kama wale ambao hawakujulishwa, na walielekea zaidi kutafuta kazi kwingine. Ningependa ulizingatie lile lililotokea kwa waliojikuta juu, nalo ni kwamba hawakuwa na furaha zaidi. Habari ileile iliwaumiza wa chini na haikuwaongezea chochote wa juu. Kwa hiyo usimtazame kijana huyo ukadhani anatembea ofisini akijipongeza kwa kukuzidi. Inawezekana kabisa kwamba anaamini wewe unalipwa zaidi yake, kwa kuwa wewe ndiye uliyemfundisha.

Norwei imekwenda mbali zaidi ya California. Kwa miaka mingi taarifa za kodi za raia wa nchi hiyo zimekuwa wazi, lakini aliyetaka kuziona alilazimika kwenda mwenyewe kuzitazama. Mwaka 2001 magazeti yaliziweka kwenye intaneti, na tangu hapo mtu aliweza kukaa nyumbani kwake akatafuta kipato cha jirani, shemeji au mwalimu wa mtoto wake. Mchumi Ricardo Perez-Truglia alilinganisha majibu ya watu kabla na baada ya mwaka huo, akakuta kwamba pengo la furaha kati ya wenye kipato kikubwa na wenye kipato kidogo lilipanuka kwa asilimia 29. Kisha mwaka 2014 sheria ikabadilishwa: taarifa zilibaki wazi, lakini mtu anayetafutwa akawezeshwa kujua ni nani aliyemtafuta. Idadi ya utafutaji ikaanguka sana. Watu wengi walikuwa tayari kujua siri ya mwingine, ila si kujulikana kwamba wameitaka. Kwangu mimi hilo linaeleza vizuri aibu unayoihisi baada ya kuisoma ile karatasi, aibu ambayo haina uhusiano wowote na haki au dhuluma ya mshahara wenyewe.

Ungeweza kuhitimisha kutokana na hayo kwamba mume wako amesema kweli na kwamba kutojua ni raha. Mimi sikubaliani na hitimisho hilo, na sababu yangu inatoka kwenye utafiti uliofanywa katika jimbo la Odisha, India, na wachumi Emily Breza, Supreet Kaur na Yogita Shamdasani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Waliajiri wafanyakazi wa kutengeneza bidhaa kwa mikono, wakawagawa katika vikundi vidogo vya kazi, wote wakilipwa ujira wa kutwa. Katika baadhi ya vikundi wote walilipwa sawa, na katika vingine walilipwa tofauti kulingana na uwezo waliouonyesha mwanzoni. Kisha watafiti wakalinganisha watu waliopokea kiasi kilekile hasa cha fedha, mmoja akiwa katika kikundi cha malipo sawa na mwingine akiwa katika kikundi ambacho wenzake wanamzidi. Aliyezidiwa alizalisha pungufu, na mahudhurio yakashuka kwa pointi 18 za asilimia. Fikiria uzito wa jambo hilo: watu hao walikuwa wahitaji, na kila siku waliyokosa kwenda kazini walipoteza ujira wa siku hiyo. Hata hivyo baadhi yao waliona heri kubaki nyumbani.

Lakini kuna sehemu ya pili ya matokeo hayo, nayo ndiyo ninayotaka uishike kuliko yote niliyoyaeleza. Pale ambapo kazi ilikuwa ya aina ambayo kila mmoja anaweza kuona kwa macho yake mwenzake amezalisha kiasi gani, na ikaonekana wazi kwamba anayelipwa zaidi anazalisha zaidi, madhara yale yalitoweka. Watu hawakugoma wala hawakuvunjika moyo kwa kuzidiwa. Walivunjika moyo kwa kuzidiwa bila sababu wanayoweza kuiona. Kutoka hapo ndipo ninaposema kwamba maumivu yako hayaponi kwa kusahau ulichokiona, wala kwa kulipwa sawasawa na kijana huyo peke yake. Yanapona kwa kupata jibu la swali moja ambalo mpaka leo hujaliuliza: tofauti hii imetoka wapi?

Nikusaidie kulifikiria, kwa sababu takwimu ulizonipa zinasema mengi. Mtu aliyeanza na 800,000 akaongezewa asilimia 5 kila mwaka kwa miaka sita anafika takriban 1,072,000, yaani mahali ulipo wewe hasa. Hii inanionyesha kwamba huenda hakuna mtu aliyekaa akakuamulia vibaya. Mshahara wako umekuwa ukipanda wenyewe, kila mwaka juu ya kiwango ulichoingia nacho, bila mtu yeyote kurudi kuuliza kama kiwango kile cha mwanzo bado kina maana. Kijana huyo hakuingia kwa mlango huo. Aliajiriwa kwa bei ya soko ya mwaka alioajiriwa, pengine akitoka kwenye kampuni nyingine na mshahara ambao mwajiri wako alilazimika kuupita ili ampate, na huenda alitaja kiasi anachotaka na kikakubaliwa. Katika kampuni nyingi ninazozishauri hili ndilo chimbuko kubwa la tofauti kati ya wakongwe na wageni: mgeni hupatana upya, mkongwe huongezewa. Ni kasoro ya mfumo, na inaumiza zaidi watu waaminifu ambao hawajawahi kuhama wala kutishia kuhama.

Siwezi hata hivyo kufuta uwezekano mwingine, kwamba wewe ni mwanamke na yeye ni mwanamume na kwamba hilo lina uzito katika tofauti hii. Barua moja haitoshi kulijua. Liangalie kwa utulivu: je, wanawake wengine wa idara yako wamekaa chini ya wanaume wa kazi na uzoefu uleule? Kama ndivyo, jambo limetoka kwenye mapatano ya mtu mmoja mmoja na kuingia kwenye sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ikiwemo jinsia, na kinamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanaume na wanawake wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Wasomaji wa Kenya wanalo sharti la aina hiyo katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007.

Hapa ndipo kujua kunapokuwa na thamani ambayo raha ya kutojua haiwezi kuifidia. Lilly Ledbetter alifanya kazi karibu miaka ishirini katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, Alabama, akiwa msimamizi. Alipokaribia kustaafu alikuta karatasi isiyo na jina la mwandishi, yenye mshahara wake na wa wanaume watatu wenye cheo kama chake. Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha kwamba yeye alikuwa akilipwa dola 3,727 kwa mwezi, huku mwanamume wa cheo hicho aliyelipwa kidogo kuliko wote akilipwa 4,286 na wa juu 5,236. Alishtaki, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia, si kwa kusema kwamba alilipwa kwa haki, bali kwa sababu hakulalamika ndani ya siku 180 tangu maamuzi ya kumlipa pungufu yalipofanywa. Sheria iliyopewa jina lake ilirekebisha hilo mwaka 2009, lakini yeye mwenyewe hakulipwa. Miaka yote hiyo hakuwa na namba mkononi, na miaka yote hiyo alikuwa akipunjwa. Sidhani kama kuna anayeweza kuiita hali hiyo amani.

Tazama pia wanaoishi na mishahara iliyo wazi hapa kwetu. Walimu wa shule za serikali Tanzania wanajuana: mwenye shahada ameingia TGTS D, ambayo ni ngazi ya mishahara ya walimu wa serikali, na yeyote anayejua ngazi ya mwenzake anajua mshahara wake wa msingi bila kumuuliza. Je, hawaumii? Wanaumia sana, muulize yeyote aliyecheleweshwa kupanda daraja wakati waliohitimu naye wamepanda. Lakini maumivu yao yana mahali pa kwenda. Wana daraja, wana tarehe, wana barua, na wanajua mlango wa kubisha. Wewe una namba mbili tu zisizo na maelezo, na akili ikikosa maelezo huyatunga yenyewe, kwa kawaida yakiwa mabaya kuliko ukweli.

Kabla sijafika kwa bosi wako, neno kuhusu kijana. Hakukuficha mshahara wake kwa hila. Katika jamii zetu kipato kinafichwa kwa sababu zinazoeleweka: ndugu wakijua unachopata, wanajua pia cha kuomba. Wachumi Pamela Jakiela na Owen Ozier walionyesha katika utafiti wao wa vijijini magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2016, kwamba baadhi ya wanawake walikuwa radhi kuacha sehemu ya faida ili jamaa zao wasione wamepata kiasi gani. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo hafungui hati yake ya mshahara mezani. Na hata kama angeifungua, si yeye aliyepanga mshahara wako. Salamu yake iitikie.

Sasa, niende kwa bosi? Ndiyo, lakini si leo na si kwa ile karatasi. Orodha ya mishahara ni taarifa binafsi za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama uliipiga picha, ifute. Usimwonyeshe mtu wala usimtajie mwenzako yeyote namba ulizoziona. Zaidi ya sheria, kuna busara: ukiingia ofisini ukasema "fulani analipwa 1,400,000", mazungumzo yatageuka kuwa uchunguzi wa jinsi ulivyojua, na swali lako la mshahara litazikwa hapo. Bosi akikuuliza moja kwa moja kama umeona orodha, usidanganye; mweleze ilivyokuwa kwenye printa, kisha rudi kwenye hoja yako.

Hoja hiyo iandae kwa wiki mbili au tatu. Tafuta bei ya soko kwa njia halali: soma matangazo ya kazi, waulize unaowafahamu katika kampuni nyingine za forodha mtu wa nyaraka mwenye uzoefu wa miaka sita analipwa kati ya kiasi gani na kiasi gani, na uliza mshahara wa msingi badala ya kinachoingia benki, kwa sababu makato hupotosha. Mtu anayekatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya bodi ya mikopo ataonekana wa chini sana akilinganishwa na asiyedaiwa, ilhali mikataba yao ni sawa. Kisha andika unachokifanya kwa namna ambayo mtu asiye wa idara yako ataielewa: umeshughulikia mafaili mangapi mwaka uliopita, ni makosa mangapi ya nyaraka uliyoyabaini kabla hayajafika forodha, ni kontena ngapi zilitoka bandarini kabla gharama za kuhifadhi mzigo hazijaanza kuhesabiwa, na ni wafanyakazi wangapi uliowafundisha. Hili la mwisho waajiri wengi hawalilipi kwa sababu hakuna aliyewahi kuliandika.

Ukikaa naye, unaweza kusema hivi: "Nimekuwa hapa miaka sita na mshahara wangu umekuwa ukiongezeka kutoka kiwango nilichoanza nacho. Naomba kujua kiwango cha nafasi yangu kwa sasa ni kati ya kiasi gani na kiasi gani, mimi nimewekwa wapi ndani yake, na kwa vigezo gani." Sentensi hizo hazimgusi mtu mwingine, hazina malalamiko, na zinamlazimu akupe kile ambacho utafiti wa Odisha ulionyesha kinatibu, yaani sababu. Pengine atakuambia kijana huyo, bila kumtaja, ana jukumu usilolijua, mathalani leseni au wateja aliokuja nao. Sababu ya kweli ukiisikia utaitambua, na utashangaa jinsi kinyongo kinavyopungua hata kabla ya nyongeza. Pengine atakiri kwamba mishahara ya wakongwe haijapitiwa, na hapo una nafasi nzuri ya kuomba ipitiwe. Au atakuambia usiulize mambo hayo. Jibu hilo nalo ni taarifa, na kuanza kutafuta kazi kwingine baada ya kulipata hakumaanishi kwamba huna shukrani. Unaweza kushukuru kwa riziki uliyonayo na bado ukaomba ipimwe kwa haki, na ningependa umwambie mume wako hivyo kwa maneno yako mwenyewe.

Kama dalili za ubaguzi wa kijinsia zitaonekana wazi, nenda kwa chama cha wafanyakazi ikiwa mnacho, au kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usikawie, kwa sababu migogoro isiyohusu kuachishwa kazi ina ukomo wa siku 60 wa kuiwasilisha. Na kama utaambiwa subiri bajeti, kama wengi wanavyoambiwa, omba kutajiwa mwezi, kisha siku hiyohiyo mwandikie bosi barua pepe fupi ya kumshukuru kwa mazungumzo, ukiutaja mwezi huo na kile mlichokubaliana.